Maswali ya Wasomaji: Risasi Usiyoiona, Moshi Uliotupwa Vibaya na Ukuta Usiokinga

Barua za safari hii zinahusu gemu za vita za kufyatua risasi kwa jicho la askari mwenyewe, hasa zile za Vita Kuu ya Pili ya Dunia zinazofuata uhalisia: risasi moja au mbili zinatosha kukuua, skrini haikuonyeshi adui alipo, na idadi ya risasi zilizobaki unaikumbuka mwenyewe. Barua tumezifupisha.

SWALI: Nakufa kila mara bila kumwona aliyenipiga. Kulenga najua, na gemu nyingine nazimudu vizuri tu. Nakosea wapi?

JIBU: Shida haiko kwenye kulenga. Katika gemu hizi anayekufa ni yule anayesogea mbele ya macho yaliyotulia. Adui aliyelala kwenye kichaka mita 150 mbele yako haoni sare yako wala bunduki yako; anaona kitu kinachotembea, basi.

Kagua kwanza njia zako. Kosa linaloua wengi ni kupita juu ya mgongo wa kilima, ambako kiwiliwili chako chote kinachomoza kwenye anga. Shuka hatua chache upande usioelekea adui, kisha utembee sambamba na mgongo huo. Kosa jingine ni dirisha. Wachezaji husimama dirishani mtutu ukiwa umetokeza nje, na kila aliye mtaani anawaona. Rudi nyuma mita 2 au 3 ndani ya chumba. Utaona eneo dogo zaidi, ni kweli, lakini watakaoweza kukuona ni wale waliomo ndani ya eneo hilo dogo tu. Halafu kuna kung'ang'ania pahali pamoja: ukishapiga risasi mbili tatu, mwako wa mtutu na moshi vimekwisha kukuchongea. Hama, hata mita 5 zinatosha, na usichungulie tena kutoka kona ileile.

Sasa masikio. Risasi ya bunduki ya kawaida ya jeshi huenda kasi kuliko sauti, kwa hiyo husikii mlio mmoja bali miwili: kwanza mpasuko mkali inapokupita, kisha mlio mzito wa bunduki yenyewe. Gemu zilizotengenezwa kwa uangalifu zina milio hiyo yote miwili. Mpasuko hudanganya, kwani unatokea pale risasi ilipopitia, na mchezaji mgeni hugeukia huko. Ule mlio mzito wa pili ndio unaotoka aliko mpigaji. Nafasi kati ya milio hiyo nayo inakupa umbali. Sauti hutumia karibu sekunde 0.9 kufika mita 300, na risasi ya bunduki hizo chini kidogo ya nusu sekunde. Ukisikia pengo la kama sekunde 0.4, mpigaji yuko kwenye mita 300 hivi. Milio ikishikana kabisa, yuko karibu, na hapo lala kwanza, mahesabu baadaye.

Tahadhari moja: Thompson, rashasha ndogo ya Wamarekani, haifuati kanuni hii. Risasi yake hutoka kwa kasi ya takriban mita 285 kwa sekunde, ambayo ni chini ya kasi ya sauti, kwa hiyo mpasuko hakuna.

Haya yote yanataka hedifoni zilizowekwa sawasawa. Kama gemu ina mpangilio wake wa sauti ya pande zote, zima ule wa kompyuta. Vikifanya kazi vyote viwili, sauti inachakatwa mara mbili, na mbele na nyuma havitofautiki tena.

SWALI: Nikilala kwenye majani marefu nahisi nimejificha kabisa, lakini wa mbali ananipiga kana kwamba niko uwanjani. Anatumia udanganyifu?

JIBU: Huenda hatumii. Gemu nyingi huchora majani mpaka umbali fulani tu kutoka kwa anayetazama, ili kompyuta isielemewe. Majani yanayokuzunguka wewe unayaona kwa sababu uko katikati yake. Yeye aliye mita 250 anaona udongo mtupu na mtu amelala juu yake. Jifiche nyuma ya vitu visivyofutika kwa umbali: ukuta, jiwe, shina, kingo za barabara, shimo la bomu.

SWALI: Natumia Kar98k, bunduki ya askari wa Kijerumani. Adui aliyesimama nampata, lakini anayekimbia simpati kamwe hata kidoto cha kulengea kikiwa kifuani kwake. Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu risasi ikifika, kifua hakipo tena. Kar98k hurusha risasi kwa kama mita 760 kwa sekunde, na kasi hiyo hupungua njiani. Mita 200 huzipita kwa sekunde 0.29 hivi, na mita 300 kwa sekunde 0.46. Mtu anayekimbia mita 5 kwa sekunde, kwa muda huo, anakuwa amesogea karibu mita 1.5 katika umbali wa kwanza, na mita 2.3 katika wa pili.

Usijaribu kukadiria mita angani. Tumia upana wa mwili wake. Mtu ana upana wa takriban nusu mita, kwa hiyo kwenye mita 200 lenga mbele yake kwa upana wa miili mitatu, na kwenye mita 300 miili minne hadi mitano. Akikimbia kimshazari, si kukukatiza moja kwa moja, punguza theluthi moja. Akija usawa wako au akikukimbia kwa mstari ulionyooka, mlenge yeye mwenyewe. Rashasha ndogo ndizo zinazowaponza watu zaidi: Thompson inahitaji zaidi ya theluthi ya sekunde kufika mita 100 tu, na risasi yake inakuwa imeshuka zaidi ya nusu mita kutoka mstari wa mtutu. Silaha ya chumbani hiyo, usiipeleke shambani.

Kushuka kwa risasi ni suala dogo kwa Kar98k mpaka mita 200, na kama gemu inaruhusu kubadili kipimo cha kulengea, kiache mita 100 au 200 na usikichezee katikati ya mapigano. Lakini kabla ya hesabu zote hizi, pima gemu yako. Ingia kwenye uwanja wa mazoezi, piga ukuta au maji yaliyo mbali, uangalie kama vumbi linaruka papo hapo au baada ya kitambo. Likiruka papo hapo, gemu hiyo haina safari ya risasi, na kulenga mbele ya mtu ndiko kunakukosesha.

SWALI: Tunapovuka uwanja wazi natupa bomu la moshi miguuni petu, lakini bado tunachinjwa. Moshi una faida kweli?

JIBU: Unayo, na pengine kuliko silaha yoyote nyingine mliyobeba. Mnautupa mahali pasipofaa. Chukua wingu lenye upana wa mita 10. Likiwa mita 100 kutoka kwa mwenye rashasha, linamfunika chini ya nyuzi 6 za upeo wake. Analirushia risasi kwenye kingo zote mbili na kumaliza kazi. Likiwa mita 20 kutoka kwake, linamfunika nyuzi 28, na hajui kama mnavuka kulia, kushoto au hamvuki kabisa. Moshi kwenye macho ya adui, si kwenye miguu yenu.

Kuna hitilafu nyingine ndogondogo. Wingu halijai mara moja, kwa hiyo subirini sekunde kadhaa baada ya kutupa. Wengi huchomoka moshi ukiwa bado uzi mwembamba. Mita 60 kwa mbio ni kama sekunde 11 au 12, pumzi ya askari ikitosha, kwa hiyo anzeni pumzi ikiwa imejaa. Vukeni mmetawanyika, maana mwenye rashasha atafyatua ndani ya moshi bila kuona, na mkijipanga mstari mmoja mmemrahisishia. Na moshi wa peke yake unapiga kelele kwamba mnakuja. Kama kikosi kina mabomu ya kutosha, tupeni jingine upande ambao hamwendi.

SWALI: Kwa nini M1 Garand, bunduki ya askari wa Kimarekani, haikubali kuongeza risasi ikiwa imebaki na tatu? Na ni kweli mlio wake wa mwisho uliwaua askari wengi?

JIBU: Bunduki hii hulishwa kwa klipu, yaani kibanio cha chuma chenye risasi 8, inayoingia nzima nzima. Kuchomeka risasi mojamoja juu ya klipu iliyopungua kunawezekana kwa mikono iliyotulia, lakini ni kazi ya kutesa, na gemu nyingi zimeamua kuiondoa. Una njia mbili: piga zilizobaki ukutani, au bonyeza kitufe cha kupakia ili klipu irushwe nje na nyingine iingie. Kabla ya kuingia kwenye nyumba, fanya hivyo bila huruma. Risasi tatu zilizopotea ni nafuu kuliko kubaki mikono mitupu mlangoni.

Kar98k hupakiwa risasi 5 kwa klipu, na nyingine zinaongezwa mojamoja. Ile ya mdunguaji haina raha hiyo: darubini imekaa juu ya tundu la kupakilia na klipu haina pa kupita, ndiyo maana mkono wa askari unaonekana ukiingiza moja baada ya nyingine. Si uzembe wa watengenezaji.

Kuhusu mlio: klipu tupu hurushwa kweli na kutoa sauti kali ya chuma. Lakini vitani, katikati ya mizinga na mita 100 au zaidi kati ya pande mbili, adui wa kuisikia ni nadra, na mwenye Garand alikuwa na wenzake pembeni wenye risasi zao. Kwenye gemu hali ni tofauti kidogo. Ndani ya nyumba, mtu aliye chumba cha pili anaisikia safi kabisa na ataingia. Ukiwa peke yako, jibanze pembeni ya mlango usubiri, kwani kupakia Garand kunachukua muda mfupi na huenda ukawa umemaliza kabla hajavuka kizingiti.

SWALI: Kwa nini kikosi chetu cha Wajerumani kinapewa MP40 moja tu?

JIBU: Ndivyo kilivyokuwa. Kikosi cha askari wa miguu wa Kijerumani kilikuwa na watu kama 10: kiongozi na MP40, ambayo ni rashasha ndogo, mmoja na rashasha kubwa ya MG34 au MG42, wengine karibu wote Kar98k. Nguvu yote ilikuwa kwenye rashasha hiyo kubwa, na wenye bunduki walimbebea mpigaji risasi na kumlinda. MG42 hutema kama risasi 1,200 kwa dakika, yaani 20 kwa sekunde. Mkanda wa 50 unakwisha kwa sekunde 2.5. Gusa kifyatulio kwa theluthi ya sekunde, achia, gusa tena. Ukikishikilia, mtutu unachemka, na gemu zinazofuata uhalisia zitakulazimisha kuubadili adui akiwa anakusogelea.

SWALI: Nimekwisha kujificha nyuma ya ukuta kabisa, halafu nakufa. Intaneti yangu ni ya kasi kubwa. Kosa ni la gemu?

JIBU: Kasi ya kupakua haihusiki, gemu hutuma data kidogo sana. Kinachokuumiza ni ucheleweshaji. Adui anapofyatua, anaona mahali ulipokuwa kitambo kilichopita. Seva hurudisha saa nyuma, hukagua alichokiona yeye, na kama alikulenga sawa, risasi inahesabiwa. Ucheleweshaji wenu wawili ukijumlishwa ufike sekunde 0.2, mkimbiaji wa mita 5 kwa sekunde ameshasogea mita nzima. Kwake uko wazi, kwako uko nyuma ya ukuta. Mfumo huo hauondoki, lakini sehemu yako ya ucheleweshaji unaweza kuipunguza.

Chagua seva yenye pingi ndogo (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi, kwa milisekunde) kuliko yenye wachezaji wengi. Tumia waya badala ya waifai, kwani waifai hupoteza pakiti (vipande vya data) na kuzituma upya, na pingi inarukaruka hata kama wastani wake ni mzuri. Kisha fanya jaribio hili: soma pingi mtandao ukiwa mtulivu, halafu anza kupakua faili kubwa na uisome tena. Ikipanda kutoka 40 hadi 300, ruta yako inapanga data kwenye foleni ndefu. Tafuta kwenye mipangilio yake sehemu ya kudhibiti foleni, uweke kikomo cha kama asilimia 85 hadi 90 ya kasi halisi uliyopima, ya kupakua na ya kupakia. Ruta isiyo na sehemu hiyo haina dawa zaidi ya kuzima masasisho na upakuaji wote wakati wa kucheza.

SWALI: Gemu inakwamakwama dakika za mwanzo za kila ramani kisha inatulia. Pia nimepanua upeo wa macho hadi nyuzi 110 ili nione zaidi. Nimefanya vyema?

JIBU: Kukwama kwa mwanzo aghalabu ni kompyuta inaandaa programu ndogondogo za michoro kwa mara ya kwanza, au inasoma ramani kutoka kwenye diski ya kuzunguka. Baada ya kusasisha draiva ya kadi ya michoro maandalizi huanza upya, kwa hiyo ingia kwanza kwenye uwanja wa mazoezi uzunguke kidogo. Kama gemu iko kwenye diski ya kuzunguka, ihamishie kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Ikiendelea kukwama hata baada ya dakika 10, shusha ubora wa picha za nyuso za vitu hatua moja. Huenda kumbukumbu ya kadi imejaa.

Nyuzi 110 zinakugharimu. Ukitoka nyuzi 90 za mlalo kwenda 110, kila kitu katikati ya skrini kinapungua kwa asilimia 30 hivi. Kofia ya chuma iliyokuwa na upana wa pikseli 10 inabaki na 7. Kwa mapigano ya nyumba kwa nyumba inavumilika. Kwa ramani za mashamba na misitu rudi 90, au hata 85.