Kabla video yenu haijavuma, jueni mnadai nini

Nimekuwa nikivisaidia vikundi vya wananchi kupiga na kuhariri video za kampeni zao. Kila tunapoanza huwaomba jambo moja: andikeni dai lenu kwa sentensi moja kabla hamjawasha kamera. Video ikivuma mnapewa muda mfupi sana wa kusikilizwa, na atakayeguswa atauliza papo hapo afanye nini.

Kikundi kimoja kilikuwa kinalalamikia maji machafu ya bomba. Walitaka filamu ndefu yenye hotuba za viongozi wao. Mama mmoja akakinga maji kwenye glasi, akaisogeza mbele ya kamera, akanyamaza mpaka tope likaanza kutuama. Basi. Chini tukaandika dai: majibu ya vipimo yatangazwe hadharani, pamoja na siku na saa ya kikao cha wananchi. Watu walisambaziana, na kikaoni walijaa hadi nje.

Ndiyo maana naiheshimu kampeni ya mwaka 2014 ya kujimwagia ndoo ya maji ya barafu. Maagizo yake yalieleweka hata kwa mtoto: jimwagie, changia, wataje wenzako. Shirika la Marekani linalopambana na ALS, ugonjwa unaodhoofisha misuli hadi mtu ashindwe kutembea na kupumua, lilipata takriban dola milioni 115. Kony 2012, filamu ya mtandaoni iliyotaka kiongozi wa waasi wa Uganda, Joseph Kony, akamatwe, nayo ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya siku chache, lakini ilipoonyeshwa hadharani Lira, kaskazini mwa Uganda, waliokuwa wameumizwa na vita vya waasi hao walikasirika, kwa sababu filamu ilimweka mbele mtengenezaji wake kuliko wao. Kony mwenyewe hajakamatwa mpaka leo. Kwa hiyo, wenye shida waione video kwanza, tena wawe na haki ya kuikataa.

Kama mnachorekodi ni uonevu, fikirieni mahakama tangu mwanzo. Tarehe 25 Mei 2020 kule Minneapolis, Marekani, taarifa ya kwanza ya polisi ilieleza kifo cha George Floyd, mtu mweusi aliyekandamizwa shingoni kwa goti na polisi, kama tatizo la kiafya. Binti wa miaka 17 aliyekuwa pale hakuzima simu yake. Alichorekodi kiliamsha maandamano katika nchi nyingi, kisha kikawa ushahidi katika kesi iliyomtia hatiani polisi huyo, Derek Chauvin, mwaka 2021.

Kwa hiyo usikatishe kurekodi. Tulia na kila picha kama sekunde kumi, onyesha jengo au kibao kinachotambulisha mahali, taja tarehe na saa kwa sauti. Faili halisi lihifadhiwe sehemu mbili bila kuhaririwa. Ukiituma video kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, ubora unashuka na taarifa za ndani ya faili, kama saa na mahali ilipopigwa, zinapotea.

Hapa sina mzaha hata kidogo: zibeni sura. Baada ya maandamano ya Iran ya mwaka 2009, mamlaka ziliweka picha za waandamanaji mtandaoni na kuwataka watu wawatambue. Piga kutoka nyuma ya umati, au funika nyuso kabla ya kurusha. Mtoto asionekane kabisa, na aliyedhulumiwa aulizwe akiwa ametulia, maana akishasambaa hakuna wa kumrudisha.

Weka na maandishi kwenye video, kwani wengi hutazama bila sauti. Halafu mteueni mapema mtu mmoja wa kuwajibu waandishi wa habari. Simu zitaanza kuita usiku huohuo.