Usingoje Hamu ya Kusali

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Dada mmoja, muuguzi, ameniandikia: “Mama, nikitoka zamu ya usiku nimechoka mno. Nikipiga magoti nasinzia. Je, Mungu ananisikia kweli?” Swali hili nalijua, maana nami nimelilia.

Mwaka ule mume wangu alipopata kiharusi, mchana nilishinda gengeni nikiuza nyanya na vitunguu, usiku namgeuza kitandani asipate vidonda. Saa kumi alfajiri, kabla ya kuwasha jiko, nilikaa kwenye kigoda jikoni, nimejifunga kanga, nikasoma Zaburi ya 13 kwa sauti ya chini: “Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?” Siku nyingine sala yangu yote iliishia hapo, kwa kuwa maneno yangu mwenyewe sikuwa nayo.

Ndugu wa mume walinisema. Walitaka nimpeleke kwa mganga, niache kung’ang’ania Biblia. Mmoja aliyatamka hayo mbele ya wanangu, na hadi leo nikiyakumbuka yananichoma. Nilimtaja huyo kwa jina kila alfajiri, mwanzoni kwa hasira tupu, na hasira ikapungua polepole. Mume wangu sasa anatembea kwa mkongojo, na mara nyingi ndiye anayeniamsha tusali. Nalisema bila haya: nyumba hii ilisimama kwa magoti.

Mtazameni Danieli. Amri ilipokwisha kutiwa sahihi kwamba anayemwomba mwingine zaidi ya mfalme atupwe kwa simba, aliingia chumbani kwake, akapiga magoti mara tatu kwa siku “kama alivyokuwa akifanya tokea hapo.” Hakuanza kusali siku ya hatari. Alikuwa na saa zake zamani.

Na Bwana wetu je? Marko 1 inasema jua lilipokwisha kuchwa kule Kapernaumu, mji wote ulikusanyika mlangoni, akaponya wengi. Alfajiri na mapema sana akaondoka, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba. Siku yake ilikuwa imeishia usiku, na bado aliamka.

Wapendwa, mikesha tunaijaza. Mtumishi mgeni akija tunapanga foleni atuwekee mikono. Lakini Jumatatu asubuhi simu ndiyo inayopokea salamu zetu za kwanza! Tunataka imani ya Danieli bila saa za Danieli. Haiwezekani.

Dada yangu muuguzi, Mungu anakusikia. Ukifika nyumbani usianzie kitandani, utalala. Simama dirishani, soma Zaburi moja kwa sauti, mtaje yule mgonjwa uliyemwacha akiwa na hali mbaya, sali Baba Yetu, kisha ulale. Jioni ukiamka, rudia hivyo hivyo kabla ya kushika simu, hata kama moyo ni mkavu. Na wale mnaolala usiku kucha, amkeni mapema kidogo mumwombee yeye na wenzake walioko zamu.