Kuhamishwa kutoka kisiwani bila hati miliki ya ardhi

Ndugu yangu, umeuliza kama familia yenu, ambayo imeishi bila hati miliki kwenye kisiwa cha Ziwa Victoria karibu na Mbita, Kenya, tangu enzi za babu, italipwa mradi wa bandari ukiwahamisha, na kama mtie sahihi fomu aliyoileta wakala.

Msitie sahihi kwanza. Ibara ya 40 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataka mwenye ardhi inayotwaliwa kwa manufaa ya umma alipwe fidia ya haki, kamili na bila kucheleweshwa, na inaruhusu pia kuwalipa wanaoikalia kwa nia njema hata kama hawana hati. Ruhusa hiyo si ahadi, kwa hiyo ushahidi ndio utakaowabeba: barua ya chifu, picha za nyumba na miti, makaburi ya wazee, na ushuhuda wa majirani.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 2012, anayeendesha uchunguzi na kuamua fidia ni Tume ya Taifa ya Ardhi, si wakala (huyo ana haraka zake), nanyi mnapaswa kuwasilisha dai la maandishi kabla siku ya kikao cha uchunguzi huo haijapita. Kanuni za 2017 za kukadiria fidia ya ardhi zinaongeza asilimia 15 ya bei ya soko kwa ajili ya usumbufu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni uvuvi. Shamba la bara, hata likiwa kubwa, halimfai mtu aliyezoea kuvua na kuanika omena (dagaa wa ziwani), hivyo daini kwa maandishi makazi yaliyo karibu na ufuo, na mama wa nyumba atajwe kwenye dai hilo.