Wanasifia, wanapima madirisha, hawarudi

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi na mke wangu tunauza nyumba tuliyoijenga wenyewe. Huu ni mwezi wa nne. Kila mwisho wa juma watu wanakuja. Jirani mmoja alikuja na baadaye akakiri kwamba alitaka tu kuiga makabati ya jikoni. Wachumba wawili walipima madirisha kwa ajili ya mapazia, wakagawana vyumba mbele yangu, na tangu siku hiyo hawapokei simu. Bwana mwingine alitoa nusu ya bei, "taslimu, leo leo," kana kwamba ameambiwa nina shida. Kuna na mama mmoja aliyekuja na barua ya benki akatoa asilimia 12 chini ya bei yetu, nikamwambia hapa si mnadani, akaenda zake. Dalali ananisukuma nikubali chochote. Mke wangu anasema nimekuwa mkali. Niwafanyeje watu hawa wasio na nia? Au niiondoe nyumba sokoni kwanza?*

*Mwenye Nyumba Aliyechoka*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kudeki kila Jumamosi kwa ajili ya watu waliokuja kuhesabu vyumba.

Jirani na wapima mapazia umewasimulia kwa raha zote, lakini yule mama wa barua ya benki umempitisha upesi upesi, katikati ya malalamiko mengine, nisimwone. Nimemwona. Kwa hesabu yangu ndiye mteja pekee uliyempata ndani ya miezi yote hiyo. Alikuja akiwa ameshajua benki itampa kiasi gani, akaitazama nyumba, akataja namba. Asilimia 12 chini ya bei ya tangazo si tusi, ni mahali watu wanapoanzia kuvutana. Ungeshuka kidogo naye angepanda kidogo, na pengine leo ungekuwa unafunga maboksi badala ya kuniandikia. Nahisi alikukuta bado una moto wa yule wa nusu bei, akalipa deni lisilo lake. Mpigie simu. Usijieleze sana. Mwambie ulimjibu vibaya, muulize kama bado anatafuta, na kama bado, mwombe akuandikie ofa yake. Akiwa ameshapata kwingine, mtakie heri na mambo yaishe hapo.

Sasa tuzungumzie bei, ambayo barua nzima umeikwepa. Tofali ulilolibeba mwenyewe lina uzito ambao mnunuzi hauhisi. Wachumi David Genesove na Christopher Mayer walichunguza mauzo ya nyumba za ghorofani katikati ya jiji la Boston, Marekani, katika miaka ya 1990, baada ya bei kuanguka. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2001 walionyesha kwamba wenye nyumba waliokuwa wakikabiliwa na kuuza kwa hasara, ukilinganisha na walichonunulia, walitangaza bei za juu kuliko wenzao, na nyumba zao zilichelewa kuuzika. Nisikufiche upande wa pili: waliofanikiwa kuuza walipata kiasi zaidi. Kwa hiyo ukaidi unalipa kidogo, ila gharama yake ni muda. Swali la kumuuliza mke wako usiku wa leo ni kama muda huo mnao. Naye ana haki ya kujibu, maana mmeijenga wawili.

Ukitaka kujua bei yako ikoje, tazama tabia ya wanaokuja. Simu zisipolia kabisa, kwa kawaida bei imewatisha watu kabla hawajafika. Wakija wengi na wasitaje namba yoyote, kuna kitu wanakikuta pale ambacho picha zilikificha. Wakitaja namba watu watatu wanne wasiojuana, na namba zote zikaangukia karibu karibu, hao wanakupa habari ya soko bila malipo, hata kama habari yenyewe inauma. Tafuta mthamini wenu, asiwe aliyeletwa na mnunuzi, na umuulize nyumba za aina yenu zimeuzwa kwa kiasi gani. Zilizotangazwa kwa kiasi gani hilo halikusaidii, kwa sababu tangazo ni ombi tu.

Yule wa nusu bei sasa. Watu kama yeye wanatoa nusu kila wanakopita, wakitarajia kwamba katika nyumba nyingi haitakosekana moja ambayo mwenyewe amebanwa. Ni biashara yake, hakujui wala hakuchukii. Biashara haigombi. Mwandikie mstari mmoja: asante, bei yetu ni hii, ukiweza kuikaribia tutazungumza. Kisha nyamaza. Mtego wa kuuogopa ni ule wa "basi tukutane katikati." Yeye akianzia nusu na wewe ukakubali katikati, umetoa robo ya nyumba kwa adabu nzuri kabisa. Taslimu ina thamani yake, sikatai, kwa kuwa hamsubiri mkopo na hakuna benki ya kubadili mawazo njiani, lakini hiyo ni sababu ya punguzo dogo tu. Na tafadhali, wewe na watoto msimwambie mtu yeyote anayekuja kwamba mnataka kuhama kabla ya mwezi fulani. Mkishasema hivyo, bei mmeishusha wenyewe.

Ofa ya kweli nayo usiipime kwa ukubwa wa namba peke yake. Uliza pesa inatoka wapi, atalipa lini, na ana masharti gani. Anayetoa kidogo pungufu na yuko tayari anaweza kuwa bora kuliko anayetoa bei kamili lakini anasubiri kuuza nyumba yake kwanza. Kila unaposhuka, omba kitu: alipe mapema zaidi, achukue nyumba kama ilivyo bila kudai marekebisho, au akuachie muda wa kuhama kwa utulivu. Ukishuka bila kuomba kitu, atajua ngazi bado zipo chini.

Kuhusu watazamaji wasio na nia, hutawamaliza. Kuingia nyumba za watu na kutazama vyoo vyao ni burudani ya bure, na hata mimi nikipata nafasi siikatai. Unachoweza ni kuwachuja kabla hujashika ufunguo. Anayepiga simu muulize kwa upole: unatafuta ya kuhamia lini? Utalipa taslimu au kwa mkopo, na kama ni mkopo, benki imeshakujibu? Nani mwingine ataamua pamoja nawe? Swali hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu ziara nyingi zinazoishia na "nitakurudia" ni za mtu aliyekuja bila mwenye kauli. Mwenye nia atakujibu. Asiye na nia atakasirika au atapotea, na umeokoa Jumamosi. Andika bei waziwazi kwenye tangazo, weka ukubwa wa vyumba, na kasoro zitaje mwenyewe: ukuta wenye unyevu, njia nyembamba ya gari. Asiyeweza kuishi nazo abaki kwao. Wageni wapange mchana mmoja, mmoja baada ya mwingine kwa dakika chache, ili anayetoka apishane na anayeingia. Hakuna kinachomzindua mnunuzi anayesuasua kama kumwona mwingine akigusa kitasa.

Wale wachumba wenye futi ya kupimia, nadhani hawakuwa waongo. Walifurahi kweli, kisha wakarudi nyumbani wakapiga hesabu. Ndiyo maana sifa isikufanye ufute miadi ya wengine. Nyumba iko sokoni mpaka mtu aweke amana kwa maandishi, mbele ya wakili, na risiti iwepo. Hati halisi isiguswe na mtazamaji yeyote. Nakala inatosha, na mwenye nia atakwenda kuihakiki kwenye ofisi ya ardhi.

Halafu usionyeshe nyumba peke yako, na mke wako ndiyo kabisa. Mwaka 1986 jijini London wakala wa nyumba mwenye miaka 25, Suzy Lamplugh, alikwenda kukutana na mteja wa kuonyeshwa nyumba, na mpaka leo hajapatikana. Chukua jina na namba ya simu kabla, mpigie mtu huyo kwa namba hiyo hiyo, na mwambie ndugu nani anakuja saa ngapi. Vitu vidogo vya thamani vifungiwe.

Dalali wako si adui, ila mtazame anavyolipwa. Ukishusha bei sana, wewe unapoteza fungu zito na yeye anapoteza sehemu ndogo tu ya asilimia yake, halafu anakwenda kwa mteja mwingine. Wachumi wa Marekani Steven Levitt na Chad Syverson, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, walipitia mauzo karibu 100,000 ya nyumba na kukuta kwamba mawakala walipouza nyumba zao wenyewe walipata takribani asilimia 3.7 zaidi kuliko walivyowapatia wateja, na waliziacha sokoni karibu siku 10 zaidi. Kwa nyumba zao walikuwa na subira. Akikuambia "kubali," mwambie akuonyeshe nyumba zilizouzwa karibuni na bei zake. Akiwa nazo, msikilize.

Kuiondoa sokoni? Usiiondoe kwa hasira, kwa sababu ukirudi na picha zile zile na bei ile ile, watu wale wale watakukumbuka. Lakini kama mthamini na mke wako watakubaliana kwamba bei ilipanda mno, liondoeni tangazo kwa wiki chache, rekebisheni ule unyevu ulioufunika kwa kabati (nyumba nyingi zinao, nabahatisha tu), pigeni picha mchana, kisha rudini na bei mpya iliyoshushwa mara moja. Kushusha kidogo kidogo kila wiki kunawafundisha wanunuzi kusubiri wiki ijayo. Ila kabla ya yote hayo, simu ya yule mama.

Shangazi