Mchana analala, usiku anakesha: nifanye nini?

SWALI: Habari za kazi. Mwanangu ana wiki tatu. Mchana analala fofofo, hata redio haimstui, lakini ikifika saa nne usiku ni macho mpaka alfajiri. Anaguna na kujinyonganyonga, nikimbeba analia. Mama mkwe anasema ni chango, nimpe dawa.
Mama wa mara ya kwanza, Temeke

JIBU: Hongera kwa mtoto, dada, na pole kwa kukesha. Mwanao haumwi. Kichanga hajui mchana wala usiku. Homoni ya melatonini, inayouambia mwili kwamba giza limeingia, huanza kutoka kwa mpangilio akifikisha kama miezi miwili hadi mitatu. Kabla ya hapo hulala jumla ya masaa 14 hadi 17 kwa siku, tena vipande vipande, kwa sababu tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi. Kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, ndiyo kawaida.

Sasa huko kuguna. Karibu nusu ya usingizi wa kichanga ni usingizi mwepesi: macho yanacheza chini ya kope, mdomo unanyonya hewa, uso unakunjamana, mikono inarushwa, pumzi inakwenda mbio kisha inatulia sekunde chache. Ukimtazama utaapa kaamka, kumbe yuko usingizini, na ukimbeba ndipo unamwamsha. Usiku wa leo akianza, usiwashe taa wala usimguse. Hesabu polepole hadi 60. Mara nyingi atazama tena. Akifungua macho na kugeuza kichwa kutafuta titi, au akala ngumi, hiyo ni njaa. Mnyonyeshe hapohapo, maana akishaanza kulia hushika titi vibaya na kumeza hewa, na hewa hiyo ndiyo inayosingiziwa chango.

Nepi mbadilishe anapohama titi moja kwenda jingine, siyo mwishoni, ili titi la pili limrudishe usingizini. Kisha mweke wima begani dakika chache abeue. Yote hayo kwa taa hafifu, bila maongezi. Mchana fanya kinyume: fungua madirisha, kaa naye kibarazani penye mwanga lakini kivulini, vyombo vigongane. Akipitiliza masaa matatu bila kunyonya, mvue nguo, msugue nyayo, mpe titi. Akikaa macho dakika 45 hadi 60 huwa kachoka. Akianza kupiga miayo na kukwepa kukutazama, mlaze. Ukisubiri mpaka alie, utambembeleza saa nzima.

Dawa ya chango usimpe. Chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Vimiminika hivyo hujaza tumbo, mtoto akapunguza kunyonya, na maziwa yako nayo yakapungua. Mama mkwe mwombe kwa heshima akae na mjukuu asubuhi baada ya kunyonya, nawe ulale. Msaada huo una thamani kuliko chupa yoyote.

SWALI: Mke wangu humlaza mtoto kifudifudi, eti akilala chali atapaliwa na maziwa. Je, ni sawa?
Baba, Limuru

JIBU: Siyo sawa, kaka. Alazwe chali, kila usingizi, mpaka afikishe mwaka. Akilala chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yakirudi huyameza tena. Akilala kifudifudi mpangilio huo hupinduka. Uingereza ilipoanza kuwahimiza wazazi kulaza watoto chali mwaka 1991, vifo vya ghafla vya vichanga usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache.

Godoro liwe gumu, bila mto wala blanketi zito, chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro. Msilale naye kwenye sofa. Na kwa baridi ya kwenu, jiko la makaa lisiingie chumbani kabisa: hewa yake yenye sumu haina harufu. Mvalisheni, kisha mguseni kifuani au shingoni kwa nyuma. Pakiwa pana jasho, punguzeni nguo. Mikono baridi isiwatishe.

SWALI: Mjukuu wangu ana siku tano. Ni mpole sana, analala tu, hata titi halitaki.
Bibi, Bukoba

JIBU: Shikamoo bibi. Huo siyo upole. Kichanga anayekataa titi au asiyeamka kunyonya apelekwe hospitali leo hii, hata kama ni usiku. Vilevile akiwa na joto la 37.5 au zaidi, mwili ukiwa wa baridi, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, akipata degedege, au viganja na nyayo zikiwa za njano. Njiani mama ambebe kifuani, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja kwa khanga, uso wa mtoto ukiwa wazi, na aendelee kumjaribishia titi.