Kabla hujasema "anzeni": kwa mwalimu anayesimamia mtihani mara ya kwanza

Mara ya kwanza kusimamia kidato cha nne nilipangiwa shule ya kata huku Kasulu, mbali na ninapofundisha. Semina nilihudhuria, kiapo nilikula, nikaamini kazi yangu ni kukamata wenye vikaratasi. Siku ya Hisabati, nikikusanya, nikakuta mtahiniwa mmoja ameandika namba ya mtihani ya mwenzake wa mbele kwenye kurasa zake zote. Saa tatu nzima nilipita mezani kwake nikitazama mikono yake, namba sikuitazama hata mara moja. Bahati alikuwa hajatoka, tukarekebisha mbele ya msimamizi mkuu. Anayesahihisha haoni jina wala sura, anaona namba tu. Miaka minne ya yule kijana ingepotea kwa uzembe wangu.

Tangu siku hiyo napita dawati kwa dawati nikilinganisha namba ya dawatini, ya kwenye orodha ya mahudhurio na aliyoiandika mwenyewe. Wakati wa kukusanya, hanyanyuki mtu mpaka nimepanga karatasi kwa mfuatano wa namba na idadi imelingana na saini.

Novemba huku ni mvua. Ikipiga bati, hakuna sauti itakayosikika, na ukipaza unawavuruga. Muda wa kuanza, wa kumaliza, hata tangazo la nusu saa iliyobaki, andika ubaoni. Fika mapema ujue bati lipi linavuja, dawati lihamishwe kabla ya mtihani, si katikati. Vaa viatu visivyogonga sakafu.

Wenyeji wakikukaribisha chakula usiku wa kuamkia mtihani, shukuru na ukatae. Najua kwetu kukataa chakula ni vigumu. Kataa tu.

Kinachotesa zaidi ni huruma. Karatasi ni ya Kiingereza, na watoto wetu wamelelewa kwa Kiha na Kiswahili. Binti mmoja aliwahi kunionyesha swali machozi yakimlengalenga: "Mwalimu, hapa wanataka nini?" Lilikuwa neno moja tu lililomkwaza, nami nalijua. Ukilitafsiri, umewaibia wote waliokaa kimya na neno hilohilo, na unaweza kuwaponza wote. Mwaka 2022 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya watahiniwa 2,194 wa darasa la saba kwa udanganyifu, na udanganyifu wa aina hiyo mara nyingi unaanzia kwa mtu mzima. Karatasi ikiwa na ukurasa usiosomeka, hilo lifikishe kwa msimamizi mkuu mara moja. Maana ya swali si yako kuitoa.

Yule binti nilimwambia, "Liache kwanza mwanangu, soma linalofuata." Akanawa uso nje akisindikizwa, akarudi. Nilipokusanya karatasi yake, lile swali alikuwa amelirudia mwishoni, mistari sita.