DMK si chama cha dini

Mkuu, umeuliza kama DMK, chama cha siasa cha kule Tamil Nadu, jimbo la kusini mwa India, ni chama cha Wahindu. Hapana, tena mizizi yake ni kinyume kabisa.

Kilizaliwa Madras, Septemba 1949, baada ya C. N. Annadurai na wenzake kumkimbia kiongozi wao, Periyar. Huyu Periyar alikuwa hamwamini Mungu na aliwapiga vita Mabrahmini, tabaka la juu la Wahindu, waliojaa maofisini na mahekaluni. Kilichowasha moto ni ndoa: Periyar, mzee wa miaka kama 70, alimwoa binti wa miaka thelathini na kidogo. Hata hivyo adabu ilibaki. Annadurai alikiacha wazi kiti cha rais wa chama, akisema ni cha Periyar, yeye akashika ukatibu mkuu.

Mwanzoni walitaka nchi yao wenyewe, Dravida Nadu. Mwaka 1963, sheria ilipobana wanaodai kujitenga, wakaliacha dai hilo. Lililowaingiza ikulu ya jimbo ni lugha. Mwaka 1965 vijana waliandamana kupinga Kihindi kufanywa lugha rasmi pekee ya India, wengine wakajichoma moto. Uchaguzi wa 1967 Congress, chama kilichokuwa kikitawala, ikabwagwa, na hadi leo haijarudi kutawala pale.

Halafu sinema! Karunanidhi, aliyemrithi Annadurai 1969, alikuwa mwandishi wa filamu. MGR, nyota wa filamu na mweka hazina wa chama, alidai hesabu za viongozi zianikwe. 1972 akafukuzwa, akaanzisha chama chake, AIADMK. Tangu hapo vyama hivyo viwili vimepokezana kiti kwa miongo.